Kungoja Si Kungojeshwa

Mgeni akishuka Kilwa Masoko na kwenda gatini kuuliza boti ya Kilwa Kisiwani inaondoka saa ngapi, hujibiwa kwa neno moja: ikijaa. Basi anakaa. Anakuja mama na ndoo ya unga, anafuata kijana na madumu ya mafuta, kisha mzee na mkeka wake kwapani. Nahodha anawatazama abiria, anayatazama maji, anautazama upepo. Kisiwa chenyewe kiko hapo mbele, mkono wa bahari usiozidi kilomita mbili hivi, kuta za ngome ya Gereza zinaonekana kwa macho. Mgeni ameshatoa simu mfukoni mara kumi.

Wageni wa namna hii huondoka na hukumu moja kati ya mbili. Wa kwanza husema watu wa Kusini ni wavivu, muda kwao si mali. Wa pili, ambaye maneno yake ndiyo hupamba vipeperushi vya utalii, husema hapa ndipo watu wanapojua kuishi. Naona wote wawili wamekosea mahali pamoja. Wanadhani polepole ni kitu kimoja. Ipo polepole inayokunjua maisha, mtu akaonja chakula chake, akasikia mazungumzo ya mwenzake, akaliona jua likizama. Na ipo polepole inayoyala maisha ya mtu huku yeye anatazama. Zote mbili zinakaa pwani hii ya Kilwa na Lindi, pengine katika nyumba moja. Kabla ya kushauriana kwamba tutulie tufaidi maisha, tuzitenge kwanza.

Lugha yetu imelijua jambo hili zamani. Inatuambia haraka haraka haina baraka, na subira huvuta heri. Lugha hiyo hiyo inatuonya: chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wanaozisoma methali hizi kama ugomvi hawajakaa na wazee. Kila moja ina saa yake, na hekima yote ni kujua ipi ndiyo ya sasa hivi.

Saa iliyo baharini

Tuanze na saa yenyewe. Msemaji wa Kiswahili haanzi kuhesabu siku kutoka katikati ya usiku, wakati hakuna kinachotokea. Anaanza jua linapochomoza, likipata saa moja angani nayo ni saa moja. Jua likizama, siku mpya ya ibada imeingia, ndiyo maana jioni ya Alhamisi tunaiita usiku wa Ijumaa. Hesabu zetu za muda zimeshikamana na kitu kinachoonekana.

Pwani, saa ya jua ina mwenzake, nayo ni saa ya maji. Mara mbili kila mwezi huja bamvua, bahari ikatoka mbali na kuacha miamba wazi. Katikati yake ni maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana. Mwanamke wa kisiwa cha Songosongo anayelima mwani, au anayekwenda mwambani kuchokoa pweza, hufuata bamvua. Na bamvua halina saa ya ukutani: kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo leo atashuka saa nne, kesho karibu na saa tano. Ukimkuta amekaa chini ya mkungu saa mbili asubuhi, anasuka ukili na kuzungumza, usimwite mvivu. Kazi yake iko chini ya fathomu moja ya maji. Ngoja maji yatoke uone mwendo wake.

Juu ya saa ya maji kuna saa ya mwaka. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili hadi karibu na Oktoba, na kati yake ni tanga mbili, upepo usiojua unakokwenda. Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na hesabu ya jua iliyoanzia Siku ya Mwaka, ikagawa mwaka kwa miongo, yaani makumi ya siku. Kwa miongo hiyo walijua lini kupanda na lini kutia chombo baharini.

Nalisema hili kwa sababu mwaka 1969 mwanazuoni wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akajenga juu yake hoja kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopita mrefu na wakati ujao mfupi mno. Hoja ile ilijibiwa na wengi, na pwani hii ni jibu mojawapo. Baharia aliyehesabu miongo alikuwa akiishi na miezi ijayo kila siku. Aliijua, akaipanga, kisha akakaa akaingoja bila kuhangaika, kwa kuwa kuhangaika hakuleti upepo.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa sultani wake, Al-Hasan bin Sulaiman. Yeye na wafanyabiashara wa zama zile waliletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Kati ya pepo hizo mbili hapakuwa na njia ya kuharakisha. Kungoja huko ndiko kulikoujenga mji: mgeni alihitaji mwenyeji, akahitaji nyumba, akahitaji msikiti, wengine wakaoa. Nenda Songo Mnara, mji uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14, utazame nyumba zake za mawe. Utakuta nyua zenye ngazi pana za kukalia. Aliyezijenga alitoa mawe na chokaa, vitu ghali, kwa ajili ya watu kukaa.

Mwungwana na mwenzake

Hapa ndipo wanaosifu utulivu wa pwani hunyamaza, nami sitaki kunyamaza. Kwetu mtu mtaratibu, asiyepandisha sauti, asiyekimbia njiani, husifiwa kuwa mwungwana. Lakini neno hilo lilikuwa na maana ya kwanza: mtu huru, asiye mtumwa. Mwendo wa taratibu ulikuwa alama ya yule ambaye mwingine anamkimbilia.

Kilwa Kivinje katika karne ya 19 ilikuwa lango la misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa. Sehemu kubwa ya watumwa waliofikishwa soko la Unguja, kabla halijafungwa mwaka 1873, walipitia hapa. Milango ya nakshi na baraza za wafanyabiashara zilisimama juu ya migongo yao. Aliyekaa barazani alasiri akinywa kahawa alikuwa na saa nyingi kwa sababu alikuwa amechukua za wengine.

Swali la nani anakaa kwa saa za nani halikuisha utumwa ulipopigwa marufuku. Alasiri ya leo, pita mtaa wowote wa Kivinje au Lindi mjini. Barazani utawakuta wanaume, kete za bao zinalia, buli la kahawa linazunguka. Uliza wake zao wako wapi. Mmoja yuko kisimani, wa pili anachoma muhogo auze jioni, wa tatu ndiyo kwanza anaosha vyombo vya mchana. Utulivu wa baba unapikwa na mama. Basi kila tunaposema familia fulani inajua kukaa na kufaidi maisha, tuhesabu waliokaa na waliosimama.

Na saa za watu zikichukuliwa kwa nguvu, subira yao hufika mwisho wake. Wajerumani walipowalazimisha watu wa nyuma ya Kilwa kulima pamba katika mashamba ya jumbe na akida, kazi hiyo iliwaita wakati ule ule mashamba yao ya chakula yalipotaka mikono. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Umatumbi, watu waliing'oa ile pamba. Ndivyo ilivyoanza vita ya Maji Maji, iliyodumu hadi 1907, na njaa iliyoifuata iliua wengi kuliko risasi. Tunaikumbuka kwa maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na ni haki yake. Lakini kitendo cha kwanza, kung'oa pamba, kilikuwa pia neno juu ya muda: msimu huu ni wetu, na kazi yake tunaijua sisi.

Kungojeshwa

Kutoka hapo naweza kuutaja mpaka ninaoutafuta. Kungoja ni kazi ya mtu mwenye saa yake: anajua anangoja nini, anajua kwa nini hakiwezi kuja mapema, na hapo alipo anaweza kuishi. Kungojeshwa ni saa yako kushikwa na mwingine asiyekuambia ataiachia lini.

Pwani hii imengojeshwa sana. Hadi daraja la Mkapa lenye mita 970 lilipofunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam kulikuwa kukaa Ndundu kungoja kivuko cha mto Rufiji, na masika barabara ilikuwa tope la siku kadhaa. Kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga zilingojewa lami miaka mingine mingi baada ya daraja. Na Mei 2024, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kati ya Somanga na Lindi, abiria walilala porini, watoto mikononi, magari ya chakula yamejipanga nyuma yao. Hakuna aliyefaidi maisha pale kwa sababu ya kupunguza mwendo.

Au mtazame mkulima wa korosho. Mti wake umemfundisha subira ya miaka. Lakini Novemba 2018 serikali ilipotangaza kuzinunua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo wakulima waliokabidhi mzigo ghalani wakangoja fedha kwa miezi, ada za shule zikafika, msimu wa kuandaa shamba ukafika. Subira ya mti na subira ya malipo haziwezi kuitwa jina moja. Ya kwanza ina tunda ndani yake. Ya pili ni deni.

Kwa hiyo simlaumu Mwalimu Nyerere kwa kuliambia taifa changa kwamba lazima likimbie wakati wengine wanatembea. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliye kisiwani usiku na upepo wa kusi umechachamaa, hahitaji mawaidha ya subira. Anahitaji boti yenye injini na mkunga aliye macho. Yako mambo ambayo kila dakika ya polepole ndani yake ni dhuluma, na mtu anayesifu utulivu bila kuyataja anawasaidia wale wanaotungojesha.

Hata harakati za Ulaya za kupunguza mwendo zina somo hapa. Mwaka 1986 Carlo Petrini na wenzake waliandamana Roma kupinga mkahawa wa McDonald's karibu na Piazza di Spagna, na kutoka hapo likakua vuguvugu la chakula cha polepole; mwaka 1999 ikafuata miji ya Italia iliyojiita miji ya mwendo wa taratibu. Nia yao naiheshimu. Lakini wao walikuwa wanaikimbia kasi waliyokwisha kuipata, pamoja na hospitali na reli zake. Sisi tukiiga maneno yao bila kuangalia tulipo, tutajikuta tunauza kungojeshwa kwetu kwa watalii kama pambo.

Tui halitaki papara

Baada ya kusema hayo yote, kipo kitu kinachobaki, nacho ni kizuri kweli. Njoo jikoni.

Wali wa nazi wa Ijumaa. Mpishi anakaa juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi, anakuna kwa kuzungusha. Akikaza mno anafika kwenye ganda na tui linaingia weusi. Machicha yanalowekwa kwa maji ya vuguvugu, yanakamuliwa kwenye kifumbu. Linalotoka kwanza ni kasimile, zito kama maziwa mapya, linawekwa kando. Anaongeza maji, anakamua tena, na tena. Mchele unaivia kwenye tui jepesi. Samaki naye, tuseme changu aliyechomwa, analiwahi tui la pili. Kasimile huja mwisho, na hapo ndipo mkono haupaswi kuondoka: koroga taratibu, upande mmoja, maana ukiliacha likachemka ovyo tui litakatika, mafuta yatapanda juu na mchuzi utabaki maji. Wali ukikauka, makaa yanapaliwa juu ya kifuniko. Watoto wanasubiri ukoko.

Ukilitazama zoezi hili utaona kwamba polepole si mwendo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kukuna kuna kasi. Kukamua kunataka nguvu. Ni mahali pamoja tu, pale kasimile inapoingia, ambapo haraka inaharibu kila kitu. Mpishi hodari si yule anayefanya yote taratibu. Ni yule anayejua ni wapi asiharakishe.

Bao linafundisha vivyo hivyo. Mashimo 32, kete 64, na anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Akae karibu. Fundi wa bao anapotoka awamu ya namua na kuingia ya mtaji, vidole vyake vinapita mashimoni haraka kuliko jicho la mgeni, kwa kuwa mzunguko wote ameshauhesabu kichwani kabla hajashika kete ya kwanza. Mkono una kasi, moyo umetulia. Hali kadhalika nahodha wetu wa gatini: alikuwa amekaa kimya saa nzima, lakini upepo ulipogeuka na boti ikajaa alikuwa wa kwanza kusimama.

Hili ndilo ninaloliita kutulia, na naliona ndilo kiini cha swali lote. Kutulia hakupimwi kwa mwendo wa miguu. Kunapimwa kwa mahali akili ilipo. Ndiyo maana nasikitika ninapoona baraza ile ile, watu wale wale watano, kila mmoja ameinamia simu yake. Wamekaa, hawana haraka yoyote, na hakuna aliyepo. Na kijana wa bodaboda anayekimbizana na hesabu ya jioni ya tajiri wake hawezi kutulia kwa kuhubiriwa. Saa yake imekodishwa. Wa barazani anaweza kuizima simu leo. Wa bodaboda anahitaji mkataba bora. Ushauri mmoja hauwatoshi wote wawili.

Mwamba uliofungwa

Mfano ulionifundisha zaidi uko baharini. Kwa miaka mingi pwani ya Kilwa, Lindi na Mtwara iliteswa na uvuvi wa baruti. Hiyo ndiyo haraka katika sura yake kamili: mlipuko mmoja, samaki wanaelea, na tumbawe lililokua kwa vizazi limekuwa kifusi. Aliyelipua amepata kitoweo cha leo. Mwanawe amerithi jangwa la chini ya maji.

Katika vijiji vya Kilwa, Songosongo kikiwa kimojawapo, watu wamejaribu njia iliyo kinyume kabisa. Wanakubaliana kuufunga mwamba. Kwa muda wa miezi mitatu hivi hakuna anayechokoa pweza pale. Mtindo huu ulipata sifa kutoka Andavadoaka, Madagaska, ambako ulijaribiwa mwaka 2004. Unafanya kazi kwa sababu pweza hukua upesi ajabu. Maisha yake ni mafupi, jike hutaga mara moja tu na kufa, hivyo miezi michache ya kuachwa hutosha kumgeuza pweza mdogo asiyelipa kuwa pweza wa kilo kadhaa. Siku ya kufungua, bamvua kubwa, kijiji kizima kinashuka mwambani.

Tazama vipande vyote vya swali vimekutana hapa. Muda wa kungoja una kipimo, na kipimo kinatokana na maisha ya pweza mwenyewe. Walioamua kungoja ndio watakaovuna. Tena ni lazima wangoje wote. Mmoja akiiba usiku, subira ya wengine imekuwa ujinga, ndiyo maana unahitajika ulinzi, kamati na faini. Halafu lipo jambo ambalo wasifiaji wa utulivu hulisahau: mwanamke aliyetegemea pweza wa kila siku atakula nini hiyo miezi mitatu? Pasipokuwa na mwani, kikoba au mwamba mwingine ulioachwa wazi, kufunga mwamba kunakuwa kungojeshwa kwa jina zuri. Kijiji kinachofanikiwa ni kile kilicholijibu swali hilo kabla ya kufunga.

Magofu ya Kisiwani yana ushuhuda wa namna hiyo hiyo. Yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 UNESCO ikayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na mwaka 2014 ikayaondoa baada ya ukarabati. Kuta zile zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na hutibiwa kwa chokaa. Saruji ingekauka kwa siku moja, lakini ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inafungia unyevu ndani, na ukuta unaoza chini yake. Aliyeharakisha kuuponya angeuua.

Sasa upepo mwingine unaanza. Bandari ya uvuvi ilianza kujengwa Kilwa Masoko, gesi ya Songosongo inapita kwenye bomba tangu 2004, na huko Likong'o, Lindi, watu wamesikia habari za kiwanda cha gesi kwa zaidi ya miaka 10. Sitamani pwani hii ibaki nyuma ili wengine waje kupumzika. Nataka barabara isiyokatika, malipo yanayofika kwa tarehe yake, na boti ya mgonjwa inayoondoka bila kungoja ijae. Haraka hizo zikipatikana, watu watakuwa na saa zao mkononi, na hapo ndipo neno la kutulia litakapokuwa na maana. Kazi ya siasa ni kupunguza kungojeshwa. Kazi yetu majumbani ni kutoipoteza ile saa iliyookolewa kwa kuinamia kioo cha simu.

Nina kipimo kimoja cha kujua kama tumefika. Sitakwenda kutazama kama wazee wa Kivinje bado wanacheza bao alasiri, hao watacheza. Nitamtafuta yule aliyekuna nazi, akakamua, akapalia makaa. Nikimkuta naye amekaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, anasimulia na hakuna anayemwita, nitajua kwamba utulivu tunaousifu umekuwa wa nyumba nzima.